Viatu vya Siri vya Jemadari

Vita vile alivishinda kaka yangu peke yake. Msibishe! Kasema mwenyewe, na amesema mara nyingi kuliko risasi zote zilizopigwa.

Mimi ni dada yake, tumenyonya ziwa moja, na Mungu ananiona, nampenda. Lakini kaka akianza habari za vita, hata chai hupoa kwa hofu. Mtaa mzima humwita Jemadari. Jina hilo alijipa mwenyewe, nasi tukalizoea kama mtu anavyozoea mlango unaolia.

"Mimi nilikuwa idara ya siri," husema, akiteremsha sauti hadi nyumba ya tatu tu ndio wasikie. "Maarifa ya kivita! Nikiwatajia, mtazimia."

"Taja kimoja, Jemadari, tuzimie," Kinyozi humchokoza, wembe mkononi.

"Niliapa!"

Ninachokijua mimi ni kidogo. Siku ya tisa tangu vita vianze, kaka alirudi nyumbani peku, vidole vimechubuka. Mama alipomuuliza, akajibu kwamba ametumwa kupeleleza nyuma ya adui. Mama, Mungu amrehemu, akachungulia uani kumtafuta huyo adui. Akaona mbuzi. Upelelezi ule ulichukua miaka miwili, mpaka vita vikaisha.

Basi mwaka huu mtaa ukapata njia mpya, kutoka shuleni hadi kisimani. Kamati ikataka ipewe jina la shujaa wa vita. Majina yaliyotajwa yalikuwa mawili: Jemadari, aliyejitaja, na Kinyozi, aliyetajwa na watu. Kinyozi vitani alibeba majeruhi kwenye machela, na hapendi kuyasimulia.

Kamati ikaogopa lawama, mzigo ikamtwika Mwalimu mstaafu. Naye akaja na mchezo! Jumamosi mchana, ukumbini shuleni, vingeletwa vitu vitatu vya siri kutoka stoo ya kambi ya zamani. Atakayebahatisha zaidi vilifanya kazi gani vitani, jina la njia ni lake.

Jemadari hakungoja Jumamosi. Alhamisi alikwisha fika kwa fundi rangi, na kibao kikaandikwa kwa herufi nyekundu, nene kama nguzo: NJIA YA JEMADARI. Wifi yangu akaja kwangu analalamika.

"Wifi, kibao kinakauka chumbani kwangu. Nikigeuka huku njia, nikigeuka kule njia. Nimekuwa msafiri nyumbani kwangu!"

Nikamwendea kaka. "Kaka, mpanda ngazi hushuka."

"Hushuka asiyejua kupanda," akanijibu, na kwenda kupiga pasi shati.

Jumamosi asubuhi mvua ikanyesha, mchana ukumbi ukajaa. Mtunza Stoo, mzee mkavu mwenye daftari kwapani, alikaa karibu na meza akivilinda vitu vyake kama kuku anayeatamia. Kila kitu kilifungwa kikaratasi chenye maelezo, na Mwalimu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukisoma.

Kitu cha kwanza kilikuwa bomba la bati lenye vioo viwili ndani.

Jemadari akaruka. "Hilo ni la kumnyweshea mkubwa supu akiwa ndani ya handaki! Asitoke, asimwagike!"

"Kinyozi?" Mwalimu akauliza.

"La kuchungulia," Kinyozi akasema taratibu. "Kichwa kinabaki chini, jicho linapanda."

"Sawasawa!" Makofi.

Kitu cha pili kilikuwa bonge la samadi ya ng'ombe, kavu, juu ya sahani. Jemadari akaziba pua.

"Mwalimu, hapo mmedanganywa! Hicho ni kinyesi, hata mimi nakijua!"

"Kinyesi hakina mshono," akasema Kinyozi, akikigonga kwa ukucha. Ko, ko! "Hiki ni cha udongo. Ndani kilitiwa baruti. Gari la adui likikikanyaga, kwisha habari."

Makofi tena! Watu wakaanza kumpa Kinyozi mkono. Kaka akapangusa jasho kwa tai, na mimi, namwomba Mungu msamaha, nikainamisha uso nisionekane nacheka.

"Lakini cha mwisho," Mwalimu akatangaza, "kina alama tatu. Bado yeyote anaweza kushinda."

Akafunua kitambaa. Jozi ya buti kuukuu! Juu ni buti za kawaida, lakini alipozigeuza, ukumbi ukaguna. Soli zilishonwa kinyume. Kisigino kilikuwa chini ya vidole, na ncha ya kiatu nyuma.

Kinyozi akakuna kichwa. "Hapo sijui. Labda fundi alikuwa amelewa."

Kaka akasimama. Nilimwona uso ukingʼaa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Hivyo ni viatu vya siri! Ukienda mbele, nyayo zinaonyesha umerudi nyuma. Adui anakufuata kule ulikotoka, wewe uko kwingine kabisa!"

"Sawasawa kabisa!" akasema Mwalimu. "Umejuaje?"

Hapo, ndugu zangu, angesema "nimebahatisha tu," leo angekuwa na njia. Mdomo ukamponza.

"Nimejuaje? Mvumbuzi ni mimi! Soli hii niliikata kwenye tairi la lori, kwa mkono wangu. Cha kushoto kinabana kidole kidogo. Lete hapa!"

Akavivaa. Vikamkaa sawa kama maganda ya ndizi! Akatembea mbele ya umma, kidevu juu, ukumbi ukilipuka kwa vigelegele. Hata mimi nikapiga kimoja. Kumbe kaka ni shujaa kweli, na mimi miaka yote namdhania vibaya!

Mtunza Stoo akakohoa. "Mwalimu, soma na kikaratasi."

Mwalimu akavaa miwani. "Viatu viliokotwa shambani, siku ya nne ya vita. Nyayo zilionekana zikiingia kambini kwa uzio wa nyuma. Za kutoka hazikuonekana. Askari walipohesabiwa, badala ya kuzidi mmoja, alipungua mmoja."

  Nikahesabu vidoleni: siku ya nne viatu vimetupwa, siku ya tisa kafika kwa mama, peku. Loo!

Mama Muuza Mboga ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko chake si cha kubaki peke yake kwa muda mrefu.

"Hiyo... hiyo ndiyo siri yenyewe!" kaka akasema, akijongea mlango wa nyuma. Tulipofuta machozi, hayupo.

"Viatu vyangu!" Mtunza Stoo akapiga kelele.

Watu wakatoka mbio kwa mlango huohuo. Nje kwenye tope kulikuwa na nyayo, zote zinaingia ukumbini. Wakarudi ndani kumtafuta chini ya mabenchi!

Mtunza Stoo akabaki nje, anatabasamu. "Mwaka ule nilimtafuta kambini siku tatu, mpaka ndani ya mapipa ya maji. Leo sidanganyiki." Akazifuata zile nyayo kinyume, nami nyuma yake, hadi mlangoni. Kwangu!

"Mama, kaka yako yumo humu?"

Uongo siwezi, na ndugu ni ndugu. Nikatazama chini. "Baba, nyayo zinasema ametoka."

Nyuma ya mlango sauti ikatetemeka: "Dada, mwambie mimi jeshini sirudi! Mwambie magoti mabovu!"

Mtunza Stoo akafungua daftari, akapitisha kidole kurasa mbili, akalifunga.

"Nani kamwita? Mimi nimetia sahihi jozi moja ya buti. Yeye hayumo kwenye daftari."

Kiatu kimoja kikapita mlangoni. Cha pili kikafuata, polepole.

Kinyozi, aliyebaki mshindi, alitaka njia iitwe ya Kisimani tu, kamati ikakataa. Na kwa kuwa kibao kilikwisha kuwepo, fundi rangi akakigeuza, akaandika upande wa pili: NJIA YA MACHELA. Ndivyo usomavyo ukienda mbele. Jina la kaka bado lipo upande wa nyuma, na herufi zake hazijafifia hata kidogo, ila wanaoziona ni wanaorudi tu.