Simu ya Hajjat Tafida na Siku ya Saba ya Mjukuu

Jumapili, 8 Februari

Msiba! Simu ya Hajjat Tafida wa ghorofa ya nne imejisasisha yenyewe jana, bila ruhusa ya mtu, na tangu asubuhi haitaki waifai. Imekataa katakata. Na Alhamisi ni siku ya saba ya mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa Kuwait. Kwa mila yetu, bibi ndiye atakayetwanga kinu cha shaba karibu na sikio la mtoto na kumwusia amsikilize nani: yeye hapa mtaani kwetu Shubra, mtoto kule, kwa simu ya video. Bila bibi, mtoto atakua hajui amsikilize nani.

Jengo zima tunatumia intaneti moja, na kisanduku chake kinakaa kwangu, ghorofa ya kwanza, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Miaka miwili chuo cha ufundi! Sikumaliza. Nilikuta walimu hawana jipya.

Hajjat alitaka kuipeleka simu kwa Lamei, yule mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara, mwenye cheti ukutani. Nikamwambia cheti ni karatasi tu, hata mkate wa taamia, zile bajia za maharage, hufungiwa karatasi. Niachie mimi.

Jumatatu, 9 Februari

Simu imeshuka kwa kikapu cha kamba kutoka roshani yake, imelala kando ya sahani ya kabichi iliyojazwa wali. Nimeanza na kabichi. Fundi mwenye njaa huona vibaya.

Kisha kazi. Nimezima, nimewasha. Nimeisahaulisha mtandao, nimeikumbusha. Neno la siri nimeliandika mara kumi na moja, mara ya mwisho kwa hasira. Inasema imeshindwa kuunganisha. Asante kwa taarifa!

Nikawaza: labda iko karibu mno na kisanduku, inapata kiwi. Nimeirudisha kikapuni, nikamwambia Hajjat avute polepole, nami nikipiga kelele kila ghorofa: "Hapo je? Hapo je?" Mtaa wote ukatoka madirishani. Lamei akasimama mlangoni pa duka lake akauliza, "Bayumi, samaki huyo umemvua lini? Mbona hata hanuki?"

Nimefunga dirisha langu kwa madaha ya kisomi.

Jumanne, 10 Februari

Ustadhi Fikri wa ghorofa ya tatu, mkaguzi mstaafu wa shule, ameleta ushauri ambao hakuna aliyemwomba. Alhamisi bibi atumie simu yake yeye, yakaisha. Yakaisha! Nikamuuliza, ustadhi, mtoto amwone bibi yake mara ya kwanza kwa simu ya kuazima? Akasema mtoto wa siku saba haoni kupita pua yake, na kwamba wapo watu wazima wa namna hiyo ghorofa ya kwanza.

Hajjat alikuwa karibu kukubali. Nikamwapia kwa kaburi la mama yangu kwamba hadi Alhamisi simu itaimba. Alinitazama sana. Akasema, "Bayumi mwanangu, umekulia kwenye ngazi hizi mbele ya macho yangu. Usinitie aibu kwa wakwe wa Wagdi." Wagdi ndiye mwanawe, baba wa mtoto.

Nilikohoa. Ngazi zetu zina vumbi jingi.

Jumatano, 11 Februari

Nimegundua! Simu yake imesasishwa, zetu bado. Haiwezi kukaa meza moja na washamba. Dawa yake: jengo zima lisasishe.

Nimepita mlango kwa mlango na beseni. Nimekusanya simu tisa, nikazisasisha zote, na yangu ikawa ya kumi. Saa kumi alasiri zilikuwa tayari, zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kweli zinafanana. Hakuna hata moja inayopata waifai.

Simu ya Ustadhi Fikri ilikuwamo. Amesema maneno ambayo mkaguzi wa shule hatakiwi kuyajua.

Alhamisi, 12 Februari

Sherehe ilipangwa baada ya sala ya alasiri. Saa nane mchana Hajjat alikuwa ameketi sebuleni, gauni jipya, kinu mapajani, macho kwenye saa ya ukutani. Angenitukana ningepona.

Nikavuka barabara. Mimi! Sikumwomba Lamei chochote, nilimruhusu tu aje atazame. Alifunga duka akaja mbio, bisibisi mkononi.

Dakika tatu! Aliingia kwenye mipangilio ya kisanduku, akauliza nani kaweka orodha hii ya simu zinazoruhusiwa kuingia. Mimi, bila shaka! Ramadhani iliyopita, ili wateja wa mkahawa wa chini wasitunyonye. Akanieleza kwamba kila simu hujulikana mtandaoni kwa namba yake, na sasisho hili huipa simu namba mpya ya kujificha. "Na kisanduku chako, bwana msomi, kinafukuza wageni kama ulivyokiamuru." Akaifuta orodha. Simu zote jengoni zikaanza kulia ujumbe.

Nikamwambia nilikuwa nakaribia hapo hapo.

Tukapanda mbio kwa Hajjat, na Wagdi akatokea kwenye kioo cha simu. Mtoto yumo ndani ya ungo, kama mila ya siku ya saba inavyotaka, amekunja uso kama karani wa serikali. Hajjat akatwanga hadi vikombe vikacheza kabatini. Akapaza wosia wa mila: "Msikilize mama yako, usimsikilize baba yako!" Kisha akainua mchi, akaongeza la kwake: "Na simu yako usimpe Bayumi!"

Wakwe wote Kuwait wakaangua kicheko. Hajjat alicheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wa gauni jipya. Mimi pia nilijifuta. Vumbi limefika ghorofa ya nne.

Ijumaa, 13 Februari

Nimeamka na furaha. Hebu fikiria: mtoto ana siku saba duniani, ametajiwa watu watatu tu, mama, baba na Bayumi. Lamei na cheti chake hakutajwa kabisa!

Nimepanda kumpongeza bibi. Simu yake ilikuwa mezani, inaomba tena kusasishwa. Akanionya nisiiguse hata kwa kucha, kisha akaingia jikoni kunitengenezea chai.

Chai yake huchukua dakika kumi. Sasisho limechukua nane.