Kilichofichwa Baada ya Amina

Mwl. Anania (mstaafu),
Tunduma.
9 Juni 2014

Fundi Shaban,
Duka la Kompyuta,
Mpemba.

Ndugu Shaban,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA FAILI LISILOMHESHIMU ALIYELILETA

Natumaini hujambo na kazi zinakwenda. Mimi mwili ni mzima. Inayoumwa ni heshima yangu, na chanzo ni wewe.

Utakumbuka mwaka jana nilikuletea kompyuta ya ukoo yenye historia yetu ya Ibaba, kurasa kumi na mbili. Marehemu mama aliisimulia kwa Kindali, mdogo wangu Brenda akaiandika kwa Kiswahili. Nilikuomba uifunge iwe ya kusomwa tu, ndugu zangu wasije wakaichezea. Nakiri kwamba niliomba ifungwe kabla sijaisoma. Niliamini nimeandikwa vizuri, maana msomi wa familia ni mimi.

Ilipokwisha kufungwa, nikaisoma. Ukurasa wa saba mama anasema kwamba aliyemwogesha na kumlisha miaka yote minne ya kuugua ni Lusungu, mjane wa kaka yangu Osea, na kwamba "Anania alikuja mara mbili". Mimi nilitaka tu kusahihisha lugha, hapo penye "mbili" pasomeke "nyingi". Ni neno moja, kazi niliyoifanya kwa kalamu nyekundu miaka thelathini na mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Faili limenikatalia. Kila nikibonyeza herufi, naambiwa ni la kusomwa tu. Lakini linakubali kubadilishwa jina, na linakubali hata kufutwa lote! Yaani naruhusiwa kuifutilia mbali historia ya ukoo mzima, ila siruhusiwi kugusa neno moja linalonihusu. Nilitoa nakala, nayo ikabadilika bila ubishi, lakini nakala haina ile mihuri yako nitakayoitaja hapa chini, na Brenda hapokei kitu kisicho na mihuri.

2. Historia yetu inaishia kwenye neno Amina. Nimegundua kwamba umeweka vitu baada ya Amina. Nilipokuja kuuliza, ulinieleza taratibu, kama unavyowaeleza wazee, kwamba kila kipande cha faili, kama ukurasa mmoja hivi, kimepigiwa hesabu ikatoa namba yake, ndiyo muhuri wake. Mihuri nayo ikapigiwa hesabu, ikatoa mingine michache, mpaka ukabaki mmoja wa juu unaobeba yote. Na mihuri hiyo umeipanga nyuma ya mwisho wa faili, mahali ambapo msomaji hafiki. Ndugu Shaban, mimi ni mzee wa kanisa. Kwetu baada ya Amina watu huenda nyumbani. Habaki mtu nyuma akiorodhesha nani aliimba na nani alisinzia.

3. Kwa kuwa ulinibania, nilimpelekea kompyuta fundi Aziz wa mjini. Aliitoa diski, akaiunganisha na mashine yake, akaingia kwa mlango wa nyuma na kuweka "nyingi", akibana nafasi moja ili herufi zitoshe. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetazama wagonjwa wengi.

Jumamosi iliyopita ukoo ulikutana Ibaba kuisoma historia hiyo, kisha kuamua nani abaki katika nyumba ya mama. Brenda alisoma ukurasa wa kwanza hadi wa sita, mashine ikafungua bila neno, nami nikajiegemeza vizuri kitini. Alipofika wa saba, ikagoma: hitilafu ya kusoma. Akajaribu wa nane, ukafunguka. Na wa tisa, hadi Amina. Kumbe faili lako halikaguliwi lote kwa mkupuo. Kila kipande hukaguliwa pale kinaposomwa, na kilichokosana na muhuri wake hugoma peke yake. Laiti lingegoma lote, ningesingizia umeme. Kompyuta ilikuwa imelala kwangu wiki nzima, na watu arobaini waliacha kuitazama wakanitazama mimi. Suala la nyumba likaahirishwa hadi Jumamosi ijayo.

4. Aziz alishauri tubadilishe na mihuri. Tungeweza, ila ule wa juu kabisa Brenda aliuandika kwa kalamu ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo za kanisani, siku ile ile ulipofunga faili. Kwa hiyo sasa adui yangu ni kitabu cha nyimbo.

Brenda atakuletea mashine wiki hii urudishe ukurasa kutoka nakala uliyohifadhi. Naomba, kwa heshima zote, uweke "nyingi", upige mihuri mipya, kisha umwambie kitabu cha nyimbo nacho kinahitaji matengenezo, akiache dukani. Ikishindikana, andika cheti cha kitaalamu kuthibitisha kwamba mama yetu, aliyejua idadi ya kuku wake hata gizani, hakujua kuhesabu.

Nisalimie mkeo Fauzia, mafundi wenzako, na wateja wote wenye mafaili matiifu.

Wako mwonewa,
Mwl. Anania

N.B. Naona na mimi nina cha kuweka baada ya Amina. Jumamosi ile Lusungu hakuuliza nani ameugusa ukurasa. Alinimiminia chai tu, akaniwekea sukari vijiko vitatu kama alivyokuwa akiniwekea mama. Tangu siku hiyo nahesabu safari zangu, na naona aibu. Mara ya kwanza nilikaa na mama hadi jioni. Mara ya pili nilikuja kumzika Osea, nikawahi gari la kurudi Tunduma, chumbani kwa mama sikuingia. Alinisikia sauti uani. Basi ni mara moja. Mama alijua kuhesabu, ila aliniongezea. Urudishe ukurasa kama ulivyokuwa, na mihuri ile ile, asije mtu akaisahihisha hiyo "mbili". Habari ya nyumba nitaisema mwenyewe Jumamosi, kwamba ni ya Lusungu. Siku ile ya mazishi ya mumewe alikuwa ndani, amemshika mama mkono, naye anajua sikuingia.