Naomba Timu Iniachilie kwa Kosa la Kunyanyua Kibendera

Kwa Katibu wa Timu Yetu,
Duka la Kinyozi, chumba cha nyuma.

Ndugu Katibu,

YAH: OMBI LA BARUA YA KUACHILIWA

Hujambo wewe, mkeo na vichwa vyote unavyovinyoa? Mimi ni mzima, isipokuwa moyo.

Naandika kwa heshima zote kuomba barua ya kuachiliwa, kama ile mnayompa mchezaji anapohama, ili nami nitafute timu nyingine ya kuishangilia. Hii yetu nimeishangilia tangu nikiwa mgongoni kwa mama, yaani miaka hamsini na miwili, na jezi zenu nimezishona kwa miaka ishirini na minane. Katika muda huo nimewaona mkifungwa kwa kila njia, na mara moja mkifungwa na timu iliyokuja na watu wanane. Sikulalamika. Sasa nalalamika, kwa sababu zifuatazo:

1. Kibendera sikukiomba. Jumamosi ile mshika kibendera wa upande wa soko hakutokea. Ni wewe mwenyewe uliyenifuata kwenye benchi langu ukasema, "Dada, shika hiki. Sheria unazijua, na kila mtu anajua wewe husemi uongo." Hukusema, "Dada, shika hiki lakini usikinyanyue." Kama mlitaka kitu cha kusimama tu, pale pembeni ipo nguzo ya taa.

2. Goli lenyewe. Dakika ya themanini na tisa, sifuri kwa sifuri, na uwanja mzima unajua kwamba timu itakayoshika mkia inasimamishwa msimu mzima. Tusiposhinda, mkia ni wetu. Ukapigwa mpira mrefu. Mshambuliaji wetu, ambaye kazi yake ni ufundi wa majokofu na ambaye ni mume wa binti yangu wa pekee, akaupokea, yeye na kipa tu, akafunga. Goli lake la kwanza baada ya misimu miwili! Lilikuwa goli zuri, sikatai. Akavua jezi akaizungusha hewani, jezi niliyoitoa kwenye cherehani juzi yake. Kisha akageuka, akakiona kibendera kiko juu. Akasimama hatua chache kutoka kwangu, kifua wazi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, kweli mama?"

Nikamjibu, "Umeotea, baba."

Refa akapuliza filimbi. Mengine unayajua, maana matusi mengine niliisikia sauti yako ndani yake.

3. Macho yangu. Inasemwa hapo kwako, watu wakisubiri kunyolewa, kwamba mimi sioni. Ndugu Katibu, mimi napitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja, bila hata kuulamba. Mtu anayeliona tundu la sindano atashindwaje kumwona mwanamume mzima wa futi sita mwenye jezi nyekundu?

4. Namba nne nimeifuta. Mume wangu ameisoma akasema huenda mkeo naye akaisoma.

5. Adhabu. Benchi langu limeng'olewa. Halikusogezwa, limeng'olewa, na mashimo yake yamebaki pale kama pengo. Jezi zilizochanika zimepelekwa kwa fundi wa kule stendi, ambaye akishona sita inasomeka tisa. Kocha akikutana nami barabarani anajifanya anaongea na simu, nami naiona imezimwa.

6. Nyumbani. Mkwe wangu alikuwa akija kula kwangu kila Jumapili. Jumapili hii binti yangu amekuja peke yake, mtoto mgongoni, akaishia mlangoni, viatu hakuvua. "Mama," akasema, "hata kama kaotea, si ungekohoa tu ukakosa kuona?" Jokofu langu nalo limekufa tangu Jumatano, na fundi wake ndiye huyo huyo. Nyama nimewagawia majirani. Nilipomaliza kugawa nilikaa jikoni nikalia, na sikuwa naililia nyama.

7. Kwa hiyo basi. Ikiwa kusema kweli ni kosa, kosa hilo liandikwe kwenye katiba ya timu ili wengine wasije wakateleza. Napendekeza kifungu hiki: mchezaji haotei mbele ya mama mkwe wake. Wala mbele ya shangazi yake. Wala mbele ya mtu anayemshonea jezi, wala mtu yeyote anayemfahamu. Na kwa kuwa mtaa huu sote tunafahamiana, sheria ya kuotea ifutwe kabisa, refa abaki na filimbi ya kufukuzia mbwa. Mkilikataa pendekezo hili mtakuwa mmekiri kwamba sheria ipo. Kama ipo, mimi nilikuwa sahihi. Na kama nilikuwa sahihi, niombwe radhi kwa kipaza sauti, benchi likiwa limerudishwa na mimi nimelikalia.

Najua uwanja hautakuwa na mechi mwaka mzima. Nitakuja hivyo hivyo.

Nisalimie mkeo, kipa na mguu wake unaouma, wote wanaonisema hapo dukani, hata kocha na simu yake. Ukimwona mkwe wangu, mwambie sahani yake sijampa mtu.

Ni mimi niliyefungwa pamoja nanyi miaka yote,
Fundi wa Jezi (wa zamani)

N.B. Bahasha nilikwisha kuifunga, imenibidi niifungue. Muuza vitambaa amenirudishia miwani niliyoisahau dukani kwake Ijumaa, siku moja kabla ya mechi. Ni ile ya kuonea mbali. Nimeivaa nikaitazama picha ya mpira ule mrefu ukipigwa, ambayo binti yangu alinitumia kwa hasira. Karibu na nguzo ya goli, mbele kabisa ya mkwe wangu, kuna beki wa wageni amechuchumaa anafunga kamba za viatu. Siku ile nilidhani ni mfuko wa mipira. Rufaa zinapokelewa hadi kesho saa sita mchana: mimi nakuja na picha, wewe njoo na muhuri. Mkwe wangu nitamwambia mwenyewe, ila naomba wewe ndiye ubishe hodi.