Hakuna Anayeshangilia Mgongo Uliolowa

Kwako Ndugu Mhariri wa Sauti ya Kruševik,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na dirisha lako likiwa limefungwa.

Mimi ni Dunja, binti wa Radivoje, mwimbaji wa bendi ya Alfajiri ya Chuma. Jumatatu mliandika kwamba tamasha lao katika Nyumba ya Utamaduni liliwaacha watu "wamepoa kama supu ya jana, na hakuna aliyesimama." Baba aliisoma habari hiyo jikoni. Akalikunja gazeti, akaliweka chini ya sufuria ya moto, akasema, "Basi, mwanangu. Inatosha." Gitaa amelitundika gereji, kati ya msumeno na matairi ya majira ya baridi.

Ndugu Mhariri, binti yangu Lenka ana miezi kumi. Tangu azaliwe nyumba nzima tunanong'ona ili alale, kwa hiyo hajamsikia babu yake akiimba hata mara moja. Nilikuwa nimepanga amsikie kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji, mwezi ujao. Sasa atamsikia nani, msumeno?

Mimi niliishia darasa la nane, halafu kiwanda cha soksi, kwa hiyo utanisamehe sentensi zangu zikipotea njia. Lakini mmekosea, na malalamiko yangu ni haya:

1. Watu hawakupoa. Watu waliogopa. Nyimbo tatu za kwanza ukumbi ulikuwa unatetemeka. Wewe mwenyewe ulikuwa ukigongagonga mguu sakafuni, nilikuona. Kisha mlinzi akaona joto limezidi, akafungua mlango wa mbele. Sawa. Halafu, sijui shetani gani alimtuma, akafungua na ule wa nyuma ya jukwaa. Upepo ukapita katikati yetu, mlango hadi mlango, na kila aliyelelewa na mama katika mji huu akajishika shingo. Unajua mwenyewe tulivyofundishwa: upepo wa milango miwili ukikuta jasho mgongoni, huingia figoni na kuua.

2. Wakati huohuo baba akamgeukia mpiga ngoma, nasi sote tukauona mgongo wake. Koti limempanda hadi mabegani, shati limeloa, limemganda. Nani anaweza kushangilia mgongo wa namna hiyo ukiwa kwenye upepo? Mikono iliyokuwa juu ikashuka yenyewe. Wimbo ulikuwa mzuri, ila watu walikuwa wakiziwazia figo zake. Nyuma yangu jirani yetu Bi Stamenka akasema, "Huyu kesho haamki." Mumewe akamjibu, "Kesho? Huyu hamalizi ubeti."

3. Bibi yangu Bosiljka, mama yake baba, alikuwa safu ya mbele na mkoba wake mapajani. Kati ya ubeti na kiitikio akapaza sauti: "Radivoje! Fulana ya ndani iko wapi?" Baba ana miaka sitini na miwili na koti la ngozi lenye njumu. Akajifanya hasikii. "Nakuuliza wewe! Usinipe mgongo! Hapana, hebu nipe, niuone!" Mtu akiulizwa fulana mbele ya mji mzima, hata awe simba, ngurumo itapungua. Ninyi mkaandika kwamba "sauti imezeeka."

4. Hili la nne linanihusu mimi, na nimelizungukia siku mbili kabla ya kuliandika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka tangu nijifungue. Nilipaka rangi ya mdomo, nikavaa buti ndefu, nikajiona msichana tena. Kumbe muda wote nilikuwa na nepi ya kitambaa ya Lenka begani, yenye picha za bata, na hakuna aliyeniambia kwa sababu nusu ya wanawake ukumbini nao hutembea hivyohivyo. Basi baba alipopiga magoti akiliza gitaa, nilipanda jukwaani, nikamwinulia koti na shati, nikamtandazia nepi mgongoni, kama afanyiwavyo mtoto yeyote aliyetoka kucheza mpira. Akaniambia meno yakiwa yamebana, "Dunja, shuka." Nikamwambia, "Kidogo tu, baba, inama." Picha mliyochapisha inaonyesha bata wawili wa manjano wakichungulia chini ya koti la ngozi. Wametoka vizuri kuliko mimi. Mkaandika kwamba "shabiki alivamia jukwaa," lakini hamkuandika kwamba hapo ndipo yalipopigwa makofi makubwa kuliko yote. Je, hayo si msisimko?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, msahihishe habari yenu. Pia mtumie uwezo wenu kuhakikisha kwamba milango miwili haifunguliwi pamoja penye muziki, na ule wa nyuma ya jukwaa upigiwe misumari. Kila baada ya nyimbo tatu tamasha lisimame, wanamuziki wafutwe jasho na kubadilishwa fulana na mama zao. Asiye na mama aazimwe. Ingefaa zaidi waimbe wakiwa wamekaa, polepole, wasitoke jasho kabisa. Na ikibidi, wasiimbe. Wasimame tu jukwaani, wakavu, nasi tutawashangilia kwa moyo mweupe.

Nisalimie mkeo, watoto, mpiga picha wenu, na hata yule mlinzi, Mungu amsamehe. Bibi Bosiljka anakusalimu na anauliza kama huko ofisini unavaa soksi.

Ni mimi, ambaye bado nina matumaini nanyi,
Dunja Mirković

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha nikasikia kelele gereji, nikaenda na Lenka. Bibi alikuwa amemfuata baba huko. "We Radivoje, nani alikwambia uache kuimba? Mimi nilikwambia uvae fulana!" Hakuivaa. Amelishusha gitaa, anaimba. Mlango wa gereji uko wazi, wa jikoni uko wazi, upepo umepeperusha hata kitambaa cha meza, na mgongo wake, Ndugu Mhariri, unachuruzika. Bibi alikwenda kufunga mlango, akaishia kupiga makofi. Mimi nepi ninayo mkononi na sijaondoka nilipo. Lenka alikuwa sakafuni. Ameshika mguu wa kiti, amejivuta, amesimama, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na anatikisa makalio.

Yafute yote niliyoomba. Andika tu kwamba leo, gerejini kwetu, kulikuwa na upepo mkali, na kuna aliyesimama.