Miatine Yangu na Sura ya Chupa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Andika, Katunge. Huyu mke wa mwanangu ni wa kwaya, nikitaja pombe anafunga pua. Funga, lakini andika!

Mjukuu wangu Ben ametoka Nairobi na maua makavu ya kijani, ati hops. Chungu! Mwarobaini ni sukari. Anataka kupika nayo bia, na anatafuta hamira. Ako na ya pakiti. Nikamwambia sisi Wakamba tuko na miatine, yale matunda makavu tunatia kwa pombe inachachuka. Akasema sawa, mitungi tatu: moja pakiti, moja miatine yangu, moja ya wifi yangu Kalunde wa Kikima. Atakayeshinda, sura yake inawekwa kwa chupa.

Sura yangu! Nairobi! Kalunde aende wapi na yale meno?

Jumanne, 4 Machi

Ben anasema hayo maua yanataka hamira mpole, isifukuze harufu. Aiya! Yangu ni kali. Ilipasua kibuyu tukiombea chakula, jirani yetu Kimeu mpaka leo hasikii na sikio moja, ingawa huyo hata zamani alikuwa hasikii, muulize mke wake. Ya Kalunde ni mpole kama yeye mbele ya pasta.

Nikapanda boda mpaka kwake, ati nimekuja kusalimia. Akaenda kupika chai. Miatine zake ziko juu ya meko. Zangu ziko kwa leso. Badilisha! Chai ilikuwa tamu sana.

Jioni Kalunde akaja na miatine yake, tukatia kwa mitungi. Pakiti nikaikaribisha na maji inachemka. Mgeni hapewi kitu baridi.

Alhamisi, 6 Machi

Mtungi wa pakiti kimya kabisa. Ben anashangaa. Mimi pia nashangaa. Wa Kalunde unanguruma kama trekta. Maskini, harufu yote imeenda!

Nimesuka nywele ya picha.

Jumapili, 9 Machi

Ben ameonja. Wangu akatema. Ati tamu kama uji, hamira mvivu, imeacha sukari yote. Wa Kalunde akafunga macho. Ati hii imekula sukari ikaisha, ua limebaki peke yake linanukia.

Nikapiga nduru: hiyo ni yangu! Nilibadilisha mwenyewe!

Kalunde akauliza, wifi, unasema uliniibia nikikupikia chai? Ben akasema, susu, nyanya yangu, kaa chini.

Miatine yangu imeshinda, na sura ni ya Kalunde!

Jumatatu, 10 Machi

Mpiga picha anakuja kesho. Hajui Kalunde. Ben amemwambia atafute mama wa kitambaa chekundu kichwani.

Nikapanda boda mpaka Kikima kuomba msamaha. Kalunde akalia, akanikumbatia, akaenda kupika chai.

Huyo mama hajifunzi! Kitambaa kiko hapa chini ya godoro. Katunge, leta kioo.