Madai ya Kijana wa Miaka Arobaini na Minne

Kwa Kaka Mkubwa,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia.

YAH: KUDAI HAKI ZANGU ZOTE ZA UJANA

Natumaini barua hii inakukuta salama, uso wako ukiwa laini kama kawaida. Mimi sijambo, ukiacha uso.

Nakuandikia kuhusu uamuzi wako wa Jumapili, pale sebuleni kwako, kwamba nisiwe msemaji Jumamosi tutakapopeleka posa ya mpwa wetu. Ulisema, nami nanukuu, "Wakwe watatuonaje tukiwapelekea mtu mwenye chunusi za mtoto wa sekondari?" Shangazi akadakia kwamba nilipokuwa sekondari sikuwa nazo, kwa hiyo lazima kuna kitu ninakula kwa siri. Watu wakacheka. Wewe ulicheka hadi ukavua miwani.

Nimetafakari, na nimekubaliana nawe. Kama uso wangu ni wa kijana, basi mimi ni kijana, na kwa heshima zote nadai yafuatayo:

1. Usingizi. Kijana hulala hadi jua limchome. Mimi nafungua duka langu la kunyoa alfajiri kwa sababu wewe na wakubwa wenzako wa ofisini hamwezi kwenda kazini na ndevu. Kuanzia Jumatatu nitafungua nikiamka. Nikiamka vibaya, sifungui.

2. Wembe. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayempa mtoto wembe karibu na koo la mwenzake. Kwa hiyo ule unyoaji wa bure, wako na wa wanao, umefutwa. Wateja nao wameanza kuelewa. Mtu akikaa kwenye kiti changu anaona nyuso mbili kwenye kioo, wake na wangu juu yake. Juzi mwalimu mmoja aliinuka kidevu kikiwa bado na povu, eti amekumbuka kikao. Mashine zangu nazifuta kwa spiriti kila nikimaliza kichwa, unajua hilo. Lakini nani ataamini spiriti ya mtoto?

3. Ushauri. Jirani anasema nipake dawa ya meno. Shangazi anasema niache mayai. Muuzaji wa duka la dawa alinipa sabuni yenye picha ya msichana anayecheka, akauliza kama ni ya binti yangu. Nikasema ndiyo. Binti mwenyewe, ambaye chunusi zake ni halali kwa umri wake, kila asubuhi ananikuta kwenye kioo cha bafuni na kuniambia, "Baba, usitumbue." Ukoo mzima, mwenye neno la maana ni huyo tu. Nadai aingizwe kwenye kikao, na kiti chake kiwe kile cha shangazi.

4. Mke. Ulisema mbele za watu kwamba chunusi humtoka asiyeoa. Nimeoa miaka kumi na minane, na shemeji yako alikuwa amekaa hapo hapo akimenya viazi vyenu. Kwa kuwa huwezi kukosea, nadai familia inioze upya. Mke wangu amesoma kipengele hiki. Hana pingamizi, mradi nikiondoka nimwachie nyumba, binti na ile sabuni.

5. Posa. Hapa sitanii, kaka. Dada yetu alipofariki, yule mtoto aliletwa kwangu. Ulisema nyumba yako ndogo, na una vyumba vitano. Mimi ndiye niliyemuuguza hospitali, mimi ndiye niliyeitwa shuleni kila alipovunja dirisha. Leo siku ya kumsemea imefika, atasema mwenyekiti, ambaye hajui hata chai yake anainywa na sukari au bila. Imeniuma sana. Na kama mimi ni mtoto, basi bwana harusi amelelewa na mtoto, na wakwe wana haki ya kuelezwa hivyo kabla hawajatoa binti yao.

Kwa sababu hizo, Jumamosi sitakuja. Vijana hubaki nyumbani kulinda mlango.

Nisalimie shemeji, wanao wote, na shangazi ukimkuta ametulia.

Ni mimi mdogo wako, tena mdogo kweli kweli,
Kinyozi.

Nyongeza: Mpwa wetu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Hakucheka. Amesema mjomba aliyemlea asiposema, hakuna posa. Kwa hiyo futa madai yote, la kwanza hadi la tano. Jumamosi nitavaa koti langu, nitasema mimi, na wewe utakaa pembeni ukiitikia. Tena ameniambia kwamba tangu Jumapili umehamia kwa yule kinyozi wa kona, asiyejua spiriti ni nini, na sasa kidevu chako kimejaa vipele hadi unawapokea wageni taa ikiwa imezimwa. Wakwe watatuonaje? Pita dukani Ijumaa, nikishafunga. Usitumbue.