Zoezi la Mkurugenzi Ndani ya Lifti

Ofisi ya Maji mjini Adama ilitangaza rasmi kwamba kuanzia Jumatatu ile, umeme hauruhusiwi tena kumdhuru mtumishi yeyote saa za kazi. Tangazo alilisaini Mkurugenzi mwenyewe, Ato, yaani Bwana, Mesafint, baada ya karani wa masijala kurushwa na jiko la kahawa mpaka chini ya meza ya mhasibu.

Ili tamko litekelezwe, Woizero, yaani Bibi, Yeshimebet wa stoo alipandishwa kuwa Mkuu wa Kitengo cha Udhibiti wa Umeme. Kitengo kilikuwa yeye, kofia ngumu, kufuli, na utaratibu uliotungwa na Mkurugenzi: fundi akiwa kazini, swichi kuu ipigwe kufuli, na asiifungue mtu, awe nani, mpaka fundi atoke. Yeshimebet aliamini kila neno. Karani aliyerushwa alikuwa rafiki yake, na mkono wake bado ulikuwa na bendeji.

Alhamisi, wageni wa wizara wakiwa njiani kuja kukagua mafanikio, fundi Gizachew alishuka chini ya jengo kubadilisha nyaya zilizoungua. Yeshimebet alipita kila ofisi kutangaza, akazima, akapiga kufuli. Mkurugenzi, ambaye matangazo hayakumhusu kwa kuwa ndiye anayeyatoa, alikuwa kwenye lifti. Ikagoma kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

"Nani kazima?" sauti yake ikauliza kutoka ndani.

"Utaratibu, Mheshimiwa," akajibu Yeshimebet kutoka ngazini.

"Washa. Wageni wako getini."

"Gizachew kashika nyaya, Mheshimiwa."

Mkurugenzi akapitia ngazi zote za mamlaka. Aliamuru, akatishia kumrudisha stoo, akamwahidi cheo kikubwa zaidi, mwisho akamwita "dada yangu." Yeshimebet akashika kofia yake ngumu. Cheo chake alikuwa amekipenda.

"Nisamehe, kaka," akasema. "Yule nikiwasha anakufa. Wewe una giza tu."

Matusi yaliyofuata yalikatika ghafla, maana wageni walikuwa wamepanda ngazi. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye miwani, akauliza kuna nini. Kabla Yeshimebet hajafungua mdomo, lifti ikajibu kwa sauti tamu:

"Ni zoezi, mama. Tunaonyesha kwamba sheria haichagui mtu."

Mama yule akaguswa sana. Akasema hajapata kuona kiongozi anayejitolea hivyo, na hapohapo ikaamuliwa zoezi lifanyike katika kila ofisi ya serikali yenye lifti, likiongozwa na Ato Mesafint, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu.

Gizachew alipotoka, mzima na mwenye njaa, umeme ukawashwa. Mkurugenzi akateremka shati limelowa jasho, akapigiwa makofi, akashukuru.

Wiki iliyofuata alipelekwa Hawassa, kwenye jengo lenye lifti kuukuu zaidi. Yeshimebet alikwenda naye kama msimamizi. Wizara iliagiza safari hii akae humo mpaka jioni, kwa sababu kule Adama alitoka akishukuru, hivyo akaonekana hakuchoka.